Treni Haipandi Lushoto: Habari za Mjumbe Aliye Ndani ya Mwili

Mwezi huu nataka kuwaeleza habari za mtu mmoja mwenye elimu, jina lake Earl Sutherland, ambaye alitumia miaka mingi ya maisha yake kutafuta jibu la swali moja: neno linalotoka nje ya chembe ya mwili hufikaje ndani yake? Najua wako watakaosema, "Jambo hili latuhusu nini sisi, watu wa jembe na chaki?" Mimi nami nilikuwa nikisema hivyo. Lakini nimejifunza ya kuwa latuhusu sana, tena nimejifunza kwa aibu. Kwa hiyo nitaanza na aibu yangu, kisha nitakuja kwenye elimu.

JIBU NILILOLITOA VIBAYA

Mwaka mmoja, wakati wa masika, ugonjwa wa kuhara uliingia mtaani petu. Bibi mmoja, jirani yangu, alikuwa akimlea mjukuu wake wa miaka minne. Usiku mtoto akaanza kuhara maji matupu, meupe kama maji yaliyooshewa mchele. Bibi akamtuma kijana kuniita, maana watu hudhani kwamba mwalimu ajua yote. Nilipofika nalimkuta amemzuilia mtoto maji, hampi hata tone.

Nikamwambia, "Bibi, mpe maji yenye sukari na chumvi, kama tulivyofundishwa."

Akanitazama, akasema, "Mwanangu, mtungi uliotoboka hujazwa? Kila nimpacho chatoka. Nikimwacha, tumbo litapumzika."

Nikamweleza kwamba maji yaliyotoka sharti yarudishwe, la sivyo mtoto atakauka kama mche usiomwagiwa maji. Akakubali. Kisha akauliza, "Na sukari ni ya nini?" Nikajibu upesi, bila kufikiri, "Ni ya kumpendeza mtoto, apate kunywa." Nikaenda zangu kulala.

Sukari nyumbani mwake ilikuwa kidogo. Na kwa kuwa mwalimu amesema sukari ni ya utamu tu, bibi akaiweka kwa ajili ya uji wa asubuhi, akatia chumvi peke yake katika maji. Mtoto akanywa usiku kucha, na usiku kucha maji yakatoka. Alfajiri nilipopita kumjulia hali, macho yake yalikuwa yamedidimia, alilia bila machozi, na ngozi ya tumbo lake ilipofinywa ilibaki imesimama, haikurudi upesi mahali pake. Tukambeba mbio mpaka hospitali. Huko wakamtia maji katika mshipa, naye kwa rehema za Mungu akapona.

Daktari akaniuliza tulimpa nini usiku ule. Nikamweleza. Hakunikemea, alisema tu, "Mwalimu, sukari ile ndiyo ufunguo wa mlango." Neno lile lilinichoma. Bibi hakukosa kitu. Alifuata jibu langu, na jibu langu ndilo lililokuwa baya. Tangu siku ile nimeuliza na kusoma mpaka nikaelewa ufunguo ule ni wa mlango gani. Ndipo nilipokutana na habari za Sutherland.

NYUMBA NDOGO ZISIZOHESABIKA

Miili yetu imejengwa kwa chembe hai ambazo shuleni huitwa seli. Ni ndogo hata jicho haliwezi kuziona ila kwa hadubini. Kila seli ni kama nyumba. Ina utando wa mafuta unaoizunguka kama ukuta, na ndani yake mna wafanyakazi wengi waitwao vimeng'enya, kila mmoja na kazi yake: mmoja hukata, mwingine huunga, mwingine huweka akiba.

Basi nyumba hizi haziishi kila moja kwa shauri lake. Hupelekeana habari. Fikiri mtu anayetembea katika mashamba ya mkonge, mara aona nyoka njiani. Moyo wamwenda mbio, na miguu yapata nguvu. Ni nani aliyeupasha mwili habari? Juu ya figo zetu ziko tezi mbili ndogo. Mtu akishtuka, tezi hizo humwaga katika damu kitu kiitwacho adrenalini. Vitu vya namna hii, vinavyotengenezwa mahali pamoja na kupelekwa na damu mahali pengine ili kutoa amri, huitwa homoni. Adrenalini ikifika kwenye ini, ini hufungua ghala yake. Humo mna sukari iliyofungwa pamoja kama mafungu ya mkonge, iitwayo glaikojeni. Ini huyafungua mafungu, hutoa sukari ndogo iitwayo glukosi, na kuimwaga katika damu, ili misuli ipate kuni za kukimbilia.

Mambo hayo yalikuwa yamejulikana kabla ya Sutherland. Lakini jambo moja lilikuwa fumbo. Je, adrenalini huingia yenyewe ndani ya seli na kuwaamuru wafanyakazi? Au husimama nje? Na ikiwa husimama nje, ni nani aichukuaye amri ndani?

Sisi wa Mombo tuna mfano mwema wa jambo hili. Reli ya kutoka Tanga ilifika hapa mwaka 1905. Mzigo na barua za Lushoto zilishushwa Mombo, kwa maana treni haipandi Lushoto. Treni ikishafika stesheni, kazi yake imekwisha. Sharti awepo mchukuzi mwingine wa kuipeleka barua juu mlimani kwa barabara ya Soni. Mtu aliyeko Lushoto huipokea barua, wala treni hakuiona kamwe. Basi kushikeni mfano huu, maana ndio utakaotusaidia mpaka mwisho.

MTU WA KANSAS

Earl Sutherland alizaliwa tarehe 19 Novemba 1915 katika mji mdogo wa Burlingame, jimbo la Kansas, Marekani, nchi ya wakulima. Alisoma udaktari katika Chuo Kikuu cha Washington kilichoko mjini St. Louis, akamaliza mwaka 1942. Katika vita kuu ya pili alikuwa daktari wa askari. Vita vilipokwisha mwaka 1945, alirudi St. Louis akafanya kazi katika maabara ya Carl Cori na mkewe Gerty Cori. Hao wawili ndio waliogundua jinsi mwili unavyoifunga na kuifungua sukari ya akiba, nao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1947.

Sutherland alichagua swali lile la adrenalini na ini. Kwanza alichukua vipande vyembamba vya ini la mnyama, akavitia adrenalini, akapima sukari iliyotoka. Katika wafanyakazi wote wanaoifungua glaikojeni, aligundua kwamba yule wa kwanza, aitwaye fosforilesi, ndiye aliyeshika lango. Akilala, kazi yote imelala. Akiamshwa, sukari yatoka. Kisha akaona, pamoja na wenzake, kwamba kimeng'enya hiki huamshwa kwa kutiwa kipande kidogo cha fosfeti, na kipande hicho kikiondolewa hulala tena.

Hata hivyo fumbo lilikuwa bado. Wakati ule wataalamu wengi waliamini kwamba homoni haziwezi kufanya kazi ila katika seli nzima. Walidhani kuivunja seli ili kutafuta siri hiyo ni kama kuivunja saa kwa nyundo ili kujua saa ngapi. Sutherland hakukubali. Mwaka 1953 alihamia Cleveland, na huko, pamoja na mwenzake Theodore Rall, akajaribu lile ambalo wengi walisema halifai: walisaga ini hata seli zikavunjika zote, wakatia homoni katika ule rojo. Tazama, kimeng'enya kikaamka! Hakuna seli hata moja iliyokuwa nzima, na bado amri ilifika.

Wakaendelea. Waliutia rojo katika mashine inayozunguka kwa kasi sana, ambayo huvituliza chini vitu vizito na kuacha maji juu. Chini zilikuwamo tando za seli zilizovunjika. Juu walikuwamo wafanyakazi, pamoja na fosforilesi. Wakatia adrenalini katika maji ya juu peke yake: hakuna kitu. Amri haikusikiwa, kwa kuwa stesheni ilikuwa imeondolewa.

Ndipo walipofanya jaribio ambalo mimi hulipenda kuliko yote. Walichukua zile tando za chini peke yake, wakazitia homoni, pamoja na ATP, kitu ambacho seli hukitumia kama kuni zake. Wakangoja kidogo. Kisha wakachemsha mchanganyiko ule. Wajua kwamba kimeng'enya kikichemshwa huharibika, kama yai lililopikwa lisivyoweza kurudi kuwa bichi. Lakini walipoyachukua maji yale yaliyochemshwa na kuyatia pamoja na wafanyakazi wa juu, fosforilesi ikaamka mara. Maana yake ni kwamba, homoni ilipogusa utando, utando ulitengeneza kitu kingine, kidogo, kisichoharibiwa na moto. Na kitu hicho ndicho kilichokwenda kutoa habari.

Basi huyo ndiye mchukuzi wa barua. Sutherland alimwita mjumbe wa pili. Homoni ni mjumbe wa kwanza, inayofika stesheni na kukoma pale. Mjumbe wa pili huzaliwa ndani ya ukuta, naye ndiye apandaye mlima.

BARUA MBILI

Ilibaki kumjua mjumbe huyu ni nani. Alikuwa kidogo mno, na kupatikana kwake kulikuwa kwa shida. Katika nchi hiyo hiyo ya Marekani, David Lipkin, mkemia wa St. Louis, alikuwa amepata kitu kigeni kutokana na ATP kwa njia ya kemia tu, bila kufikiri habari za homoni. Sutherland na Lipkin, kila mmoja peke yake, walimwandikia mtaalamu mmoja, Leon Heppel, wakimweleza juu ya vitu vyao. Heppel alizisoma barua hizo mbili akatambua kwamba watu hawa wanasema habari ya kitu kimoja, akawapasha habari. Hivyo mjumbe akajulikana. Jina lake ni saikliki AMP, yaani AMP ambayo fosfeti yake imepindwa ikafungwa kama pete. Habari zake zilitangazwa mwaka 1957 na 1958.

Baadaye Sutherland na wenzake waligundua kwamba seli ina kimeng'enya kingine cha kumkata mjumbe huyu akishamaliza kazi. Neno hili ni kubwa. Amri isiyo na mwisho ni hatari kama vile kukosa amri.

Wengi hawakusadiki mara moja. Waliuliza, "Mjumbe mmoja awezaje kuwatumikia homoni nyingi zenye kazi mbalimbali?" Lakini mwalimu awezaye kupiga kengele ya shule ajua jibu. Kengele ni moja; watoto wakiisikia hutoka darasani, mpishi huipua sufuria, na msimamizi wa zamu huchukua daftari lake. Sauti ni ile ile, ila kila mmoja ana kazi iliyowekwa tayari kwake. Vivyo hivyo saikliki AMP katika ini hutoa sukari, katika moyo huongeza nguvu ya mapigo, katika figo husaidia kuzuia maji yasipotee. Hata katika bakteria, viumbe wadogo wa seli moja, Sutherland alimkuta mjumbe huyu mwaka 1965.

Mwaka 1971 Sutherland alipewa Tuzo ya Nobel, peke yake, kwa kugundua jinsi homoni zinavyofanya kazi. Alifariki tarehe 9 Machi 1974. Baada yake wengine waliongeza. Alfred Gilman na Martin Rodbell walionyesha kwamba kati ya mlango na mtengenezaji wa mjumbe yupo mpokezi wa katikati, aitwaye protini G, nao walipewa tuzo hiyo mwaka 1994. Tumwite karani wa stesheni: treni ikifika, yeye hugonga kengele ili mchukuzi aondoke, kisha huinyamazisha mwenyewe.

MWIZI AINGIA STESHENI

Sasa twarudi kwa mtoto wa jirani yangu.

Kipindupindu si mgeni katika bonde letu. James Christie, daktari aliyekaa Unguja, aliandika kitabu juu ya maradhi hayo katika Afrika ya Mashariki, kilichotolewa London mwaka 1876. Alifuatilia njia ya misafara, akaeleza jinsi tauni ile ya mwaka 1869 ilivyotoka bara kupitia nchi ya Wamasai, ikashukia Pangani, kisha ikavuka mpaka Unguja na kuua watu wengi. Hata katika siku zetu imerudi: mlipuko ulioanza Dar es Salaam mwezi wa Agosti mwaka 2015 ulienea mikoa mingi, na hata kufikia mwanzo wa mwaka 2018 wagonjwa walikuwa zaidi ya 30,000 na waliokufa zaidi ya 500.

Robert Koch, Mjerumani, ndiye aliyekionyesha dunia kijidudu cha kipindupindu mwaka 1884, baada ya kazi yake Misri na Calcutta. Naye alifika nchi hii mwaka 1897 kuchunguza maradhi mengine. Alikisia kwamba kijidudu hicho chatoa sumu. Lakini ilipita miaka 75 kabla ya sumu hiyo kuthibitishwa. Sambhu Nath De, daktari wa Calcutta, ndiye aliyeithibitisha mwaka 1959. Na wataalamu walipoichunguza, walishangaa kuona kwamba sumu hii hufanya kazi kwa mjumbe yule yule wa Sutherland.

Sumu hushika utando wa seli za utumbo mwembamba, na sehemu yake moja hupenya ndani. Haivunji ukuta, haiui seli. Yamwendea yule karani wa stesheni, yamfunga mkono juu ya kengele, asiweze kuiacha. Hapakufika treni wala barua. Lakini kengele yalia usiku na mchana, na wachukuzi waondoka bila kukoma. Saikliki AMP yajaa ndani ya seli. Nazo seli za utumbo, zikiwa watiifu, hutii amri: hufungua milango ya kutolea kloridi, ambayo ni sehemu moja ya chumvi. Sodiamu, sehemu ya pili ya chumvi, huifuata. Na maji huifuata chumvi. Tena amri hiyo hiyo hufunga mlango wa kawaida ambao kwa huo chumvi huingia. Katika ugonjwa mkali mtu mzima aweza kupoteza lita nzima ya maji kwa saa moja.

Kwa hiyo mtungi wa bibi haukutoboka. Ni mzima. Bali umeamriwa kumwaga.

LANGO LISILOMSIKIA MJUMBE

Hapa ndipo penye wokovu wa mtoto. Mwaka 1960, katika mkutano uliofanyika mjini Prague, Robert Crane alieleza kwamba utumbo una lango lingine la kuingizia. Katika lango hili sodiamu na glukosi huingia pamoja, kama watu wawili wanaosafiri kwa tikiti moja. Sodiamu ikija peke yake, lango halifunguki. Glukosi ikija peke yake, vilevile. Zikija pamoja, huingia zote mbili, na maji huzifuata.

Na lango hili halimsikii mjumbe yule. Hata saikliki AMP ikijaa namna gani ndani ya seli, lango la sukari na chumvi hubaki likifanya kazi. Mwizi ameshika mlango wa mbele, lakini ule wa uani hakuufikia.

Sasa mwaona kosa langu. Bibi alimpa mtoto maji yenye chumvi bila sukari. Chumvi ilifika langoni bila mwenzake, haikuingia, na maji hayakuwa na wa kumfuata. Lau ningalisema neno moja la kweli badala ya lile la upesi, bibi angalitia sukari yake yote, na uji wa asubuhi ungaliliwa bila sukari.

Mwaka 1968, mjini Dhaka, David Nalin na Richard Cash walionyesha kwamba wagonjwa wa kipindupindu waliokunywa maji yenye glukosi na chumvi kwa kipimo walihitaji maji ya mshipa kidogo sana kuliko wengine. Mwaka 1971 vita vilipowafukuza watu wa Bengali ya Mashariki, wakimbizi wengi walijazana katika kambi ya Bangaon, nchini India, na kipindupindu kikawaingia. Maji ya mshipa yalikuwa haba. Daktari Dilip Mahalanabis akaamuru glukosi na chumvi zipimwe, zitiwe katika mifuko, zichanganywe na maji, na jamaa za wagonjwa wenyewe wawanyweshe. Kabla ya hapo, katika kila wagonjwa 100 walikuwa wakifa kama 30. Baada yake walikufa wasiofika 4. Mama na dada na bibi, wenye kikombe mkononi, ndio walioifanya kazi hiyo.

MAMBO YA KUSHIKA NYUMBANI

Yafaa kila nyumba iwe na pakiti ya ORS, ambayo hupatikana zahanati na madukani ya dawa. Pakiti moja ya lita 1 ina glukosi gramu 13.5 na chumvi gramu 2.6, pamoja na dawa nyingine mbili. Ichanganye kwa kipimo kilichoandikwa juu yake, usizidishe maji wala usipunguze. Pakiti isipokuwapo, fanya hivi:

1. Chukua lita 1 ya maji safi, yaliyochemshwa yakapoa au yaliyotiwa dawa ya kuua vijidudu.

2. Tia vijiko 6 vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko cha chai cha chumvi. Sukari isiachwe. Tena isizidishwe, maana ikizidi huvuta maji kutoka mwilini. Na chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto.

3. Koroga hata viyeyuke, kisha onja. Yasiwe na chumvi kupita machozi. Ukiona yamezidi, mwaga ufanye upya.

4. Mnyweshe mgonjwa kila aharapo: mtoto wa chini ya miaka miwili kama nusu kikombe kidogo, mkubwa kuliko huyo kikombe kizima. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha mpe polepole kwa kijiko. Mtoto anyonyaye aendelee kunyonya, na alaye aendelee kula.

5. Maji yakikaa siku moja, mwaga, tengeneza mengine.

6. Mtoto apewe pia vidonge vya zinki kama mganga wa zahanati atakavyoagiza.

Tena msikawie kwenda hospitali. Ukiona maji ya mchele, macho yaliyodidimia, mkojo uliokoma, ngozi isiyorudi ikifinywa, au mgonjwa asiyeweza kunywa, mchukue mara moja, na njiani endelea kumnywesha.

Labda mtu atauliza, "Maji haya hayamfukuzi mwizi, yafaa nini basi?" Jibu ni hili. Utumbo huvua seli zake za juu na kuvaa mpya kila baada ya siku chache. Seli zilizoshikwa na sumu huondoka zenyewe, pamoja na makarani wao waliofungwa. Dawa za daktari zaweza kufupisha siku hizo. Kazi yetu ni kumtunza mgonjwa asikauke mpaka nyumba ipate watu wapya.

NENO KWA WALIMU

Ndugu zangu walimu, sisi hupenda kuwapa watu amri: nawa mikono, chemsha maji, chimba choo, tia sukari. Amri hizi ni njema, nazo zatangulia dawa zote. Lakini mtu aliyepewa amri bila sababu, siku ya upungufu huacha ile asiyoielewa, naye hana kosa. Sutherland alitumia miaka zaidi ya kumi kuuliza "kwa njia gani?" juu ya jambo ambalo wote walijua kwamba hutokea. Na sisi tukiulizwa "ya nini?" na bibi mmoja usiku, na tujibu kwa kweli. Tukiwa hatujui, na tuseme hatujui, kisha twende tukaulize. Jibu la kubuni ndilo lililokaribia kumwua mtoto wa mtaani petu.

Baada ya kuelewa mambo haya nilikwenda kwa jirani yangu, nikaketi barazani kwake, nikakiri kosa langu. Nikamweleza habari za treni na mchukuzi, za karani aliyefungwa mkono, na za lango la uani. Alisikiliza huku akichambua mchele, mjukuu akicheza na kuku uani. Nilipomaliza alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kumbe mtungi wangu ulikuwa mzima."

Siku hizi, mtoto akiumwa tumbo katika mtaa wetu, hawaniiti mimi kwanza. Humwita yeye, naye huja na sukari yake katika pindo la kanga.